Kabla hamjachapisha tena ramani nyekundu ya hewa ya jiji

Ndugu Mhariri,

YAH: RAMANI ZA SETILAITI ZA HEWA CHAFU NA JINSI ZINAVYOPASWA KUPANGWA

Siku hizi habari ya hewa chafu ya miji yetu haitoki bila ramani pembeni: bahari ya buluu, pwani ya njano, na doa jekundu juu ya Dar es Salaam au Nairobi. Chini yake huandikwa "picha ya setilaiti", basi. Haisemwi ni gesi gani, ni ya siku gani, wala imepimwa kwa kizio gani. Msomaji wa Mbagala anaona mtaa wake umeangukia kwenye njano, anashusha pumzi. Hana sababu ya kushusha pumzi, na kosa si lake.

Tunaandika kama watu wa kazi ya kuchakata data hizi, na kwa kuwa majiji, vyuo na wafadhili wanazidi kuulizia mifumo ya kufuatilia hewa kwa setilaiti, tunaomba nafasi tueleze jambo moja. Zao la data za setilaiti hupangwa kwa kuanzia mwisho, yaani kwenye uamuzi ambao mtu ataufanya akishalipata, ndipo mtu arudi nyuma hadi kwenye faili. Ukipanga hivyo kwa miji ya Afrika Mashariki, utagundua kwamba ramani ya kila siku, ile inayopendwa na kila mtu, ndiyo isiyostahili fedha.

Tuanze na chombo chenyewe. Doa lile jekundu mara nyingi ni nitrojeni dioksaidi, gesi itokayo kwenye moshi wa magari, jenereta, mitambo ya umeme na viwanda. Hupimwa na TROPOMI, spektromita (chombo kinachochambua mwanga kwa rangi zake) iliyobebwa na setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-5P, iliyorushwa 13 Oktoba 2017 na ambayo huzunguka kilomita 824 juu yetu. Chombo hicho hakinusi hewa. Hutazama mwanga wa jua ulioshuka, ukagonga ardhi na kurudi juu, kisha hupima ni kiasi gani cha mwanga kimemezwa na gesi njiani. Kinachopatikana ni jumla ya gesi katika nguzo nzima ya hewa, kuanzia lami ya Kariakoo mpaka angani, kwa moli katika mita ya mraba. Mapafu ya mtu hayavuti nguzo. Yanavuta hewa iliyo usawa wa pua, ambayo hupimwa kwa mikrogramu katika mita ya ujazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema mikrogramu 10 za gesi hii kwa wastani wa mwaka, na viwango vya kisheria vya hewa navyo, zikiwamo kanuni za Tanzania za 2007, huhusu hewa hiyo hiyo ya chini. Namba ya nguzo haiwezi kuwekwa kando ya viwango hivyo ukasema jiji limevuka au halijavuka, mpaka ipitishwe kwenye modeli (hesabu za kompyuta zinazoiga mwenendo wa hewa) na kulinganishwa na vipimo vya ardhini. Ramani nyingi zinazozunguka kwenye simu zimeruka hatua hiyo.

Kisha kuna suala la saa. Sentinel-5P hupita mara moja mchana, kama saa saba na nusu kwa saa ya jua. Kwa saa za ukutani za Dar es Salaam, kutegemea imepita mashariki au magharibi ya jiji, hiyo ni baina ya saa saba na saa tisa kasorobo. Foleni ya asubuhi ya Barabara ya Morogoro imeshakatika, majiko ya mkaa ya jioni hayajawashwa. Ardhi imepata moto, hewa ya chini imechanganyika na ya juu, na mwanga umeshaivunja sehemu kubwa ya gesi, ambayo mchana huishi saa chache tu. Setilaiti inabisha hodi wakati nyumba imeshafagiliwa.

Mabara mengine yana setilaiti zinazokaa mahali pamoja juu yao na kupima kila saa mchana kutwa: GEMS ya Korea Kusini kwa Asia tangu 2020, TEMPO ya NASA kwa Amerika Kaskazini tangu 2023, na Sentinel-4, iliyorushwa 1 Julai 2025, kwa Ulaya na ukanda wa Afrika Kaskazini. Afrika Mashariki haimo katika uwanja wa hata moja. Kwa hiyo anayeliahidi jiji letu ramani ya setilaiti ya nitrojeni dioksaidi ya "kila saa" anauza modeli iliyovalishwa nguo za setilaiti. Modeli si kitu kibaya, lakini mnunuzi aambiwe anachonunua.

Na hiyo mara moja kwa siku nayo ina tundu. Obiti 14 na ushei za kila siku, kila moja ikifagia mkanda wa upana wa kilomita 2,600, hazifungi kabisa Ikweta. Kati ya latitudo 7 Kaskazini na 7 Kusini ufunikaji wa siku ni zaidi ya asilimia 95, lakini haufiki 100. Nairobi, Mombasa, Kampala, Kigali, Bujumbura, Goma, Zanzibar na Dar es Salaam, zote zimo ndani ya ukanda huo. Zipo siku ambazo jiji huangukia kwenye ufa, na zipo siku ambazo huangukia ukingoni mwa mkanda, ambako pikseli, yaani kipande cha ardhi kinachopewa kipimo kimoja, hutanuka kutoka upana wa kilomita 3.5 hadi karibu 14. Ongeza mawingu ya masika. Mtu akikuonyesha ramani ya kila siku ya Aprili isiyo na hata shimo moja jeupe, jua mashimo yamezibwa, na muulize kwa nini na kwa kutumia nini.

Sasa upangaji wenyewe. Zao la data, kwa maana yetu, ni faili, ramani au namba inayotolewa kwa njia ile ile kila mara, ikiwa na toleo lake, tarehe yake na kosa lake la kipimo. Mara nyingi huharibika kwa sababu mtu alipakua data kwanza, akatengeneza ramani inayopendeza, ndipo akatafuta wa kumpa. Njia salama ni kuanza na ukurasa bandia. Chukua namba za kubuni, tengeneza ukurasa ule ule ambao ofisa mipango miji au mganga mkuu wa wilaya atakabidhiwa, uandike MFANO kwa herufi kubwa, kaa naye, muulize: ukiipata hii Jumatatu asubuhi, utafanya nini ambacho usingekifanya Ijumaa? Timu ya TEMPO iliwapa watumiaji wake data za majaribio kabla setilaiti haijaruka, kwa sababu hiyo hiyo. Ukurasa ukikosa jibu, hakuna haja ya kununua seva.

Majibu hutofautiana mno. Ofisa mipango atataka kujua wapi aweke vituo vichache vya kupimia alivyonavyo, au kama kuhamisha njia ya mabasi kumebadilisha chochote kati ya mwaka huu na miaka mitatu iliyopita. Huyo anahudumiwa vizuri na ramani ya msimu na ya mwaka, na ndipo setilaiti inapolipa gharama yake. Mganga mkuu anataka kujua kesho itakuwaje kwa wagonjwa wa pumu. Huyo setilaiti peke yake haimfai hata kidogo, anahitaji utabiri na vipimo vya ardhini. Mkaguzi wa mazingira anataka kujua kiwanda gani kimetoa moshi usiku wa Jumanne. Aambiwe ukweli mapema kwamba hatapata jibu hilo: usiku setilaiti hii haioni nitrojeni dioksaidi, na pikseli moja ya kilomita 5.5 kwa 3.5 inameza Kariakoo, Upanga, Posta na maji ya bandarini kwa pamoja.

Kwa hiyo tuizungumzie ile ramani ya msimu ya nitrojeni dioksaidi, maana ndiyo yenye kazi nyingi na makosa mengi.

Faili za ngazi ya pili, zile zenye kipimo cha kila pikseli, hupatikana bure. Kila pikseli huja na alama ya ubora kati ya 0 na 1. Kwa gesi hii tumia zilizo juu ya 0.75 tu, kwa kuwa chini ya hapo wingu ndilo linalotawala mwanga uliorudi. Hapo hapo ndipo anayeanza kazi hufanya kosa lake la kwanza: anaona namba hasi, anashangaa gesi itakuwaje chini ya sifuri, anazifuta. Zisifutwe. Mahali penye hewa safi kipimo huyumba juu na chini ya thamani halisi, na ukifuta zile za chini peke yake, wastani wa msimu hupanda bila gesi kuongezeka. Tumeona mashamba ya Rufiji yakionekana kama kitongoji cha jiji kwa sababu ya mstari mmoja wa programu.

Kosa la pili lina sura ya uhodari. Kila pikseli ina makadirio ya kosa lake, na vitabu vya takwimu vinasema kipimo chenye kosa dogo kipewe uzito mkubwa. Kwenye gesi hii kosa hukua pamoja na gesi yenyewe. Ukipima uzito kwa njia hiyo, siku chafu zinanyamazishwa na siku safi zinapewa kipaza sauti, na jiji linasafishwa kwenye karatasi. Tumia uzito wa eneo tu, yaani ni sehemu gani ya pikseli imeangukia ndani ya chumba cha gridi, yaani mraba mmoja wa ramani.

Gridi yenyewe iwe ya nyuzi 0.01, karibu kilomita 1.1. Hili linawezekana, ingawa pikseli ni kubwa zaidi, kwa sababu kila siku pikseli huanguka mahali tofauti kidogo, na kupishana kwake kwa miezi kadhaa huchora umbo ambalo siku moja haiwezi kulionyesha. Lakini hiyo ni kilomita 1.1 ya wastani wa msimu. Ukichora siku moja kwenye gridi hiyo umelaza kitambaa kimoja juu ya vyumba kumi na tano na kujifanya umepima kumi na tano.

Kando ya kila chumba hifadhi idadi ya siku zilizoingia kwenye wastani. Sisi tungeweka sharti kwamba mwezi wenye siku nzuri chini ya nane upakwe kijivu, na msimu wenye chini ya ishirini vivyo hivyo. Wengine watachagua namba nyingine na hatutagombana nao, mradi wazichague kabla ya kuona ramani. Bila safu hiyo ya idadi, Aprili yenye siku nne hulinganishwa na Agosti yenye ishirini na mbili kana kwamba ni ndugu. Tena siku nne zenyewe za Aprili ni siku za jua tu. Siku za mawingu, ambazo gesi huvunjwa polepole, hazimo kabisa.

Upepo nao. Pwani yetu ina bahati ya kuwa na pepo mbili zinazojulikana na kila mvuvi, na zao lolote la hewa la pwani lisilotenganisha kusi na kaskazi limepangwa na mtu asiyeijua pwani. Wakati wa kusi moshi wa Dar es Salaam unasukumwa bara kuelekea kaskazini-magharibi, wakati wa kaskazi unageuka kusini-magharibi. Wastani wa mwaka mzima unachanganya mikia hiyo miwili na kutoa doa la duara ambalo halikuwahi kuwapo siku yoyote. Hatua ni rahisi: chukua upepo wa saa ya kupita kwa setilaiti kutoka kwenye data za ERA5, kumbukumbu za hali ya hewa za kituo cha Ulaya, zinazotolewa kwa kila saa katika gridi ya nyuzi 0.25, gawa siku kwa uelekeo, chora ramani mbili. Tofauti kati ya upande unaotoka upepo na upande unaokwenda inasema mengi kuhusu jiji kuliko ukali wa rangi yenyewe.

Kuna tatizo lililofichika zaidi, na ndilo linalofanya miji yetu ionekane safi kuliko ilivyo. Ili kugeuza mwanga kuwa gesi, mchakataji lazima akisie gesi imepangikaje kwa kimo, kwa kuwa setilaiti huona vizuri gesi iliyo juu na vibaya iliyo karibu na ardhi. Makisio hayo hutoka kwenye modeli ya dunia yenye vyumba vya nyuzi 1 kwa 1, zaidi ya kilomita 110 kila upande. Chumba kimoja kinaweza kubeba jiji, Kibaha na kipande kikubwa cha Bahari ya Hindi. Hewa safi ya baharini huizimua hewa ya jiji ndani ya modeli, modeli husadiki kwamba gesi imekaa juu kuliko ilivyokaa kweli, na nguzo inayotangazwa hutoka pungufu. Dawa ipo: kwenye kila faili kuna jedwali la unyeti wa kipimo kwa kila tabaka la anga, na mtu mwenye modeli ya vyumba vidogo anaweza kubadilisha makisio hayo na kukokotoa upya. Lakini jedwali hilo ni zito, na wanaobana nafasi kwenye diski hulitupa siku ya kwanza, wakabaki na namba ya mwisho tu. Ukipunguza faili, tupa vingine. Hilo libaki.

Pwani ina shida nyingine ya jirani. Mng'aro wa ardhi na wa maji haulingani, na matoleo ya zamani ya data yalitumia ramani ya mng'aro ya nyuzi 0.5, kiasi cha kilomita 55, ambayo haijui ufukwe uko wapi. Toleo la 2.4 lilileta ramani ya nyuzi 0.125. Kwa Kampala tofauti hiyo si ya kukosesha usingizi. Kwa Mombasa, ambayo ni kisiwa, ni jambo la kuangalia.

Hapo tumefika kwenye matoleo, na Mhariri, hapa ndipo vichwa vya habari vya uongo huzaliwa. Mwishoni mwa 2020 programu ya kuchakata ilibadilishwa namna inavyokadiria kimo cha mawingu, na vipimo vya maeneo machafu vikapanda. Hewa haikuchafuka usiku ule. Programu ndiyo iliyobadilika. Aliyeunganisha faili za kabla na za baada alipata mwinuko mzuri wa kuandikia makala. Tangu hapo data za kuanzia mwishoni mwa Aprili 2018 zimechakatwa upya kwa toleo la 2.4, na anayetaka kulinganisha miaka atumie mfululizo huo uliosawazishwa, asichanganye na faili za haraka zinazotolewa ndani ya saa tatu kwa ajili ya utabiri. Hata ndani ya mfululizo huo akumbuke kwamba 6 Agosti 2019 pikseli zilifupishwa kutoka kilomita 7 hadi 5.5. Jina la faili la zao lako liandike toleo la chanzo, kipindi, na toleo lako mwenyewe. "NO2_mwisho_kabisa_2" si jina la zao la data.

Na badiliko kubwa liko mlangoni. Sentinel-5P ilijengwa kwa miaka saba ya kazi, nayo imeshapita. Mrithi wake, chombo cha Sentinel-5, kilirushwa Agosti 2025 ndani ya setilaiti ya MetOp, ambayo hupita kama saa tatu na nusu asubuhi kwa saa ya jua. Kwa miji yetu hiyo ni habari njema, kwa kuwa asubuhi ina foleni ndani yake. Lakini namba za asubuhi na za mchana hazishonwi kuwa uzi mmoja. Mkataba wowote wa mfumo unaosainiwa sasa useme wazi kwamba patakuwa na kipindi cha kupishana, ikiwezekana mwaka mzima wenye kusi na kaskazi zote mbili, vipimo viwili vikitolewa kando kwa kando. Asiyeandika hilo atatangaza mlipuko wa uchafuzi siku atakayobadilisha chanzo.

Gesi nyingine tuzipitie haraka. Salfa dioksaidi kwenye ramani za Maziwa Makuu mara nyingi ni pumzi ya Nyiragongo na Nyamulagira, milima ya moto iliyo karibu na Goma, na wingu lake husafiri mbali. Zao la gesi hii kwa Rwanda, Burundi, Kivu au magharibi mwa Uganda ambalo halina alama ya "volkano" litawashitaki wenye viwanda kwa makosa ya mlima. Kwa moshi hafifu wa salfa wa miji ya pwani, kipimo kina mtikisiko mkubwa kuliko gesi yenyewe, tuiache. Kaboni monoksaidi hudumu angani kwa wiki kadhaa, hivyo ongezeko la Agosti laweza kuwa moto wa nyika uliowaka nchi nyingine kabisa. Tena nguzo yake hufuata urefu wa ardhi: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ina hewa pungufu juu yake kuliko Mombasa, na usipogawanya gesi kwa jumla ya hewa kavu utachora ramani ya milima na Bonde la Ufa, uite uchafuzi.

Chembechembe laini za PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ndizo zinazoua zaidi na ndizo setilaiti inazokisia vibaya zaidi. Vyombo vya setilaiti kama MODIS na VIIRS hupima jinsi chembe zinavyoziba mwanga katika nguzo nzima, namba isiyo na kizio. Kutoka hapo hadi mikrogramu kunahitajika kujua tabaka la chini la hewa lina kimo gani, unyevu kiasi gani, na chembe ni za nini. Pwani unyevu huvimbisha chumvi ya bahari, mwanga ukazibwa sana huku uzito wa chembe kavu ukiwa mdogo. Zipo ramani za dunia za PM2.5 za nyuzi 0.01 zinazotumika sana, na ni kazi nzuri, lakini hurekebishwa kwa vituo vya ardhini, na Afrika ina vituo vichache. Kilomita moja ya gridi hiyo katika wilaya isiyo na kituo ni hesabu ya modeli zaidi kuliko kipimo.

Kamba hukatikia pembamba, na kwetu pembamba ni ardhini. Machi 2025 Marekani iliacha kutangaza vipimo vya hewa vya balozi zake, vikiwamo vya Kampala na Addis Ababa, ambavyo wengi waliviegemea kama rejea. Mpango wa setilaiti ambao haukutenga fedha za ardhini ulijengwa juu ya kiti cha kuazima. Kwa nitrojeni dioksaidi si lazima kuanza na mashine ghali: virija vya plastiki vyenye kemikali ya kunasa gesi huning'inizwa nguzoni, kimo cha mita 2 hadi 4, kwa wiki mbili hadi nne, kisha hupelekwa maabara. Weka vitatu vitatu kwenye baadhi ya vituo ili uone vinavyotofautiana, na beba vingine visivyofunguliwa kabisa ili ujue safari na joto la gari vimeongeza nini. Virija hupima usiku na mchana pamoja na setilaiti hupima mchana tu, kwa hiyo usitegemee namba zilingane. Tegemea mpangilio wa maeneo ulingane, kutoka pachafu hadi pasafi. Kwa PM2.5 vipo vipimaji vya bei nafuu, na AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, imeonyesha kwamba vinaweza kutengenezwa na kutunzwa hapa hapa kwetu. Kila kipimaji kikae kwanza bega kwa bega na mashine ya rejea, wiki kadhaa za ukavu na wiki kadhaa za mvua, kwa kuwa unyevu ukipita asilimia 80 hivi vingi huhesabu ukungu kama moshi.

Jaribio la mwisho kabla ya kutoa zao ni la bure. Gawa data za miaka kadhaa kwa siku za wiki, linganisha Jumapili na siku za kazi katikati ya jiji, kisha rudia mahali pasipo na magari, tuseme porini. Ukiona tofauti jijini na usiione porini, zao lina macho. Ukiiona hadi porini, kuna kosa kwenye hesabu, litafutwe kabla ya mkutano na waandishi.

Kuhusu gazeti lenu, Mhariri, ombi letu ni dogo na halihitaji mtaalamu. Mkipewa ramani, msiichapishe mpaka aliyeileta ajaze mstari huu chini yake, na namba tulizoweka hapa ni za mfano tu: "Nitrojeni dioksaidi katika nguzo ya hewa (si hewa ya usawa wa pua), mchana tu, Juni hadi Agosti, wastani wa siku 58 kati ya 92, TROPOMI toleo 2.4, kijivu ni mahali pasipo na data ya kutosha." Unaingia kwenye safu moja ya gazeti. Na mizani ya rangi ianzie namba ile ile kila mnapochapisha, maana tumeshaona jiji moja likiwa jekundu Jumatatu na la kijani Alhamisi kwenye data zile zile.

Ni sisi wasomaji wenu,
Wachakataji wa data za setilaiti,
Dar es Salaam